Safari ya Sauti ya Paul Robeson

Mali za mwanadamu ni nyingi, lakini iliyo karibu naye kuliko zote ni sauti yake. Mtu huzaliwa nayo, hukua nayo, na hufa nayo. Aweza kunyang'anywa shamba na ng'ombe, aweza kufukuzwa katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, lakini ni vigumu kuwaza kwamba mtu mwingine aweza kumwondolea sauti aliyopewa na Muumba. Hata hivyo historia ya karne ya ishirini yatuonyesha kwamba sauti nayo ina maadui. Yaweza kukodiwa kwa fedha ikatumiwa kusema jambo ambalo mwenyewe halitaki. Yaweza kukatwa vipande ikaungwa upya. Yaweza kufungiwa milango yote, mwenye sauti akaimba na kusema bila ya kusikiwa. Insha hii yaeleza habari za mtu mmoja ambaye sauti yake ilipatwa na mambo hayo yote matatu, na jinsi redio, senema na simu zilivyomwinua, zikamwangusha, kisha zikamwinua tena.

Msomaji wa Kajiado anao mfano mzuri karibu na nyumbani. Aendaye Magadi kutoka Nairobi hupita Ngong na Kiserian, akateremka ukingo wa Bonde la Ufa, akafika Oltepesi katika nchi ya Wamasai. Mbele kidogo ya hapo ni Olorgesailie, mahali ambapo Louis Leakey na mkewe Mary walianza kuchimba mwaka 1942, wakakuta mashoka ya mawe mengi sana yaliyotengenezwa na viumbe walioishi huko mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Mashoka yale yangalipo, na kila mgeni aweza kuyatazama. Twajua kwamba yalitumiwa kuchuna na kukatia nyama. Lakini yale waliyoambiana watengenezaji wake hatuyajui, wala hatutayajua kamwe. Jiwe hudumu, sauti hupotea mara itokapo kinywani.

Kwa sababu hiyo watu wa kale walitunza habari kwa njia ya kuonana. Wamasai wakutanapo njiani hawaachani kabla hawajapashana habari, ilomon kwa lugha yao: mvua imenyesha wapi, malisho yakoje, nani mgonjwa, mifugo ya nani imepotea. Habari hizo husadikiwa kwa kuwa msemaji yuko mbele ya msikiaji. Uso wake waonekana, ukoo wake wajulikana, na akisema uongo atakutwa tena njiani siku nyingine. Redio, ambayo wazee wetu waliiita simu ya upepo, ilikuja kuipa sauti miguu ya kuvuka milima na bahari, lakini papo hapo iliuondoa uso. Msikilizaji alibaki na sauti tupu, akalazimika kuipima kwa masikio peke yake.

Zama za heshima kubwa ya redio zilikuwa kati ya miaka ya 1920 na ya 1950, kabla televisheni haijaingia katika nyumba nyingi. Katika Afrika ya Mashariki, Kenya ilianza kutangaza mwaka 1928 kwa mkono wa kampuni ya Kiingereza, na matangazo yake ya kwanza yalikuwa ya kuwapendeza walowezi. Ilipozuka Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliona haja ya kusema na Waafrika kwa lugha zao, Kiswahili kikiwa mojawapo. Marekani kwa upande wake ilikuwa imetangulia mbali. Kila jioni jamaa nzima ilikaa kuizunguka redio, na wachezaji mashuhuri wa senema waliacha kamera zao wakaja kusimama mbele ya kipaza sauti. Kipindi kimoja kilichoitwa Lux Radio Theatre, kilichoanza mwaka 1934 na kumalizika mwaka 1955, kilikuwa na kazi ya kuzigeuza picha za senema kuwa michezo ya kusikilizwa. Tarehe 30 Oktoba 1938 Orson Welles na wenzake walitangaza hadithi ya wavamizi kutoka sayari ya Mars kwa namna ya taarifa za habari, hata wasikilizaji wengine wakadhani ni kweli, wakafadhaika. Basi hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya sauti isiyo na uso.

Nguvu hiyo ilikuwa na mlinzi mlangoni. Mmarekani mweusi hakuingia kwa urahisi katika vyumba vya kutangazia. Kipindi kilichopendwa kuliko karibu vyote katika nchi ile, kilichoitwa Amos 'n' Andy, kilianza mwaka 1928, nacho kilihusu maisha ya watu weusi. Lakini waliokiigiza walikuwa wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, waliobadili sauti zao ili kuchekesha. Mamilioni ya watu waliamini kwamba wanasikia sauti ya mtu mweusi, kumbe wasikia mzaha wa jirani yake. Mtu asiyesemeshwa husemewa. Na asemewaye hana hakika ya kusemwa vyema.

Katika hali hiyo ndipo alipotokea Paul Robeson. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika North Carolina, akatoroka akiwa kijana, akasoma, akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake alikuwa mwalimu. Alifariki kwa ajali ya moto mwaka 1904, wakati mtoto hajatimiza miaka sita. Robeson alipata nafasi ya kusoma bure katika chuo cha Rutgers mwaka 1915, na huko akawa bora darasani na mshindi katika mpira wa Kimarekani. Alihitimu mwaka 1919, akaenda kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, akamaliza mwaka 1923. Lakini katika ofisi ya mawakili alikoajiriwa, karani mmoja mzungu alikataa kuandika maneno yaliyosomwa na mtu mweusi. Robeson aliiacha kazi ile. Tangu siku hiyo sauti iliyokataliwa ofisini ikatafuta njia nyingine ya kusikiwa.

Aliipata katika michezo ya kuigiza na katika nyimbo. Sauti yake ilikuwa nzito na pana, ya chini kabisa, lakini kila neno lilisikika wazi. Mwaka 1925 yeye na mpiga piano Lawrence Brown walifanya tamasha katika New York la nyimbo za dini zilizotungwa na watumwa weusi. Nyimbo hizo zilikuwa zimedharauliwa na wengi. Robeson alizisimamisha jukwaani kwa heshima ile ile wanayopewa watungaji wakuu wa Ulaya. Mwaka huo huo alicheza katika picha yake ya kwanza ya senema, Body and Soul, iliyotengenezwa na Oscar Micheaux, mtengenezaji mweusi wa picha. Ni ajabu kidogo kwamba picha hiyo ilikuwa ya bubu, kwa kuwa senema za zama zile hazikuwa na sauti. Watu walimwona mwimbaji bila ya kumsikia. Miaka michache baadaye redio na santuri zingewafanya wengine wamsikie bila ya kumwona.

Robeson alihamia London, na huko maisha yake yakakutana na Afrika. Mwaka 1930 alicheza Othello katika mchezo wa Shakespeare. Katikati ya miaka ile ya 1930 alijiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki cha London, akajifunza Kiswahili na lugha nyingine za Afrika. Alitaka kujua asili yake, na aliona kwamba mlango wa kwanza wa kumjua mtu ni lugha yake. Katika jambo hilo mwanafunzi wa Kenya ana haki ya kujiuliza swali dogo: ikiwa mtu aliyezaliwa Princeton, aliyesikizwa na dunia nzima kwa Kiingereza, aliona haja ya kukaa darasani kujifunza Kiswahili, sisi tuliokirithi kutoka kwa wazazi twakithamini kwa kiasi gani?

Katika mji ule ule aliishi Mkenya mmoja aliyefika kupeleka malalamiko ya watu wake kuhusu ardhi, naye alikuwa Jomo Kenyatta. Kabla ya hapo, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Kenyatta alipata kuishi katika nchi ya Wamasai huko Narok. London haikuwa na huruma kwa mtu maskini, na mwaka 1934 alipata kibarua cha kuigiza katika picha ya senema iliyoitwa Sanders of the River, akiwa mmoja wa machifu wasio na maneno mengi. Mchezaji mkuu wa Kiafrika katika picha hiyo alikuwa Paul Robeson. Hivyo ndivyo mwana wa mtumwa wa Marekani na rais wa kwanza wa Kenya ya baadaye walivyosimama pamoja, wamevaa mavazi ya kuigizia, mbele ya kamera moja.

Habari ya picha hiyo ina uchungu. Robeson alikubali kuicheza kwa kuwa aliambiwa itaonyesha utamaduni wa Afrika, na kwa kweli watengenezaji walikuwa wamepeleka watu Afrika wakapiga picha za ngoma na desturi. Lakini picha ilipokamilika na kuonyeshwa mwaka 1935, ilionekana kuwa ni sifa za mtawala wa kikoloni anayetuliza Waafrika kama babu atulizaye wajukuu wakorofi. Chifu aliyeigizwa na Robeson alikuwa mtumishi mtiifu wa utawala huo. Nyimbo zake nzuri zilikuwa zimeshonwa katika nguo asiyoichagua. Robeson aliona aibu, na baadaye akaikana picha hiyo hadharani. Sauti ilikuwa yake, lakini mkasi ulikuwa wa mwingine.

Tangu hapo alijifunza kuuangalia mkasi. Wimbo uliompa umaarufu mkubwa kuliko zote ulikuwa ule wa mto Mississippi, uliotungwa kwa ajili ya mchezo uitwao Show Boat, ambao aliuigiza London mwaka 1928 na katika senema mwaka 1936. Katika maneno ya asili, mwimbaji ni kibarua aliyechoka, achokaye kuishi na aogopaye kufa. Robeson alipoendelea kuuimba katika matamasha aliyabadili maneno hayo, hata kibarua aliyekata tamaa akawa mtu anayeendelea kupambana. Muziki haukubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni mtu aliyekuwa ndani ya wimbo.

Mwishoni mwa mwaka 1939, vita vikiwa vimekwisha kuzuka Ulaya, Robeson alirudi Marekani. Tarehe 5 Novemba 1939 alisimama mbele ya kipaza sauti cha shirika la CBS katika New York, katika kipindi kilichoitwa The Pursuit of Happiness. Aliimba utungo wa dakika kumi hivi ulioitwa Ballad for Americans, ambao muziki wake ulitungwa na Earl Robinson na maneno yake na John La Touche. Utungo huo umejengwa kama kitendawili. Kwaya yaendelea kumwuliza mwimbaji, wewe ni nani? Naye hajibu upesi. Hutaja mambo ya kale ya nchi, hutaja kazi za watu wa kila namna, hutaja mataifa na dini za wote waliohamia huko. Na mwisho kabisa hufichua kwamba yeye ndiye Marekani yenyewe.

Msomaji na atafakari uzito wa jambo hilo. Katika majimbo mengi ya nchi ile mtu mweusi hakuruhusiwa kukaa na mzungu katika gari moja, wala kusoma naye shule moja, wala kupiga kura. Palikuwa na hoteli ambazo Robeson, pamoja na umaarufu wake wote, asingepewa chumba. Lakini usiku ule sauti yake iliingia katika nyumba ambazo miguu yake isingeruhusiwa kuingia, ikasema mbele ya wenye nyumba: mimi ndimi nchi hii. Ukosefu wa uso, ambao katika Amos 'n' Andy ulikuwa umetumiwa kumdhihaki mtu mweusi, safari hii ulitumika kumpa heshima. Waliokuwamo katika chumba cha kutangazia walishangilia hata baada ya kipindi kumalizika. Mwaka 1940 utungo huo ulitiwa katika santuri, na ukaimbwa katika mkutano mkuu wa chama cha Republican na pia katika mkutano wa chama cha Kikomunisti, vyama ambavyo havikukubaliana karibu katika neno lolote jingine.

Uingereza nayo haikumsahau. Kabla ya kuondoka huko Robeson alikuwa amecheza katika The Proud Valley, habari za baharia mweusi aliyepata kazi katika machimbo ya makaa ya mawe ya Wales, akakubaliwa na wachimbaji kwa ajili ya sauti yake katika kwaya yao, na mwisho akatoa maisha yake ili kuwaokoa wenzake chini ya ardhi. Tarehe 25 Februari 1940, BBC iliitangaza picha hiyo redioni kwa muda wa saa moja kabla haijaonyeshwa katika majumba ya senema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa picha ya senema kuzinduliwa kwa kusikilizwa. Ulikuwa wakati wa vita na taa za miji zilizimwa usiku kwa hofu ya ndege. Watu wakakaa gizani wakaisikiliza picha.

Miaka ya vita ilikuwa ya fahari kwake. Mwaka 1943 alicheza Othello katika New York, na mchezo huo ukaonyeshwa mara 296, kipimo kisichopata kufikiwa na mchezo wowote wa Shakespeare mahali pale. Hata hivyo hakutaka kuwa mwimbaji tu. Mkewe Eslanda alikuwa amezuru Uganda na Afrika ya Kusini mwaka 1936 pamoja na mtoto wao, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1945. Robeson mwenyewe aliongoza halmashauri ya Wamarekani iliyoshughulikia mambo ya Afrika, ikidai makoloni yapewe uhuru. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, halmashauri hiyo ilikuwa miongoni mwa wachache waliopaza sauti katika Marekani kuwatetea Wakenya.

Hapa yafaa kusema kweli pande zote mbili, maana historia si wasifu wa harusini. Robeson aliipenda Urusi ya Kisovieti, kwa kuwa alipoizuru aliona hakubaguliwa kwa rangi yake. Aliisifu mara nyingi, na hadharani alinyamaza kuhusu maovu makubwa ya Stalin, hata wakati habari zake zilipokuwa zimejulikana. Wengi walimlaumu kwa hilo, na lawama hiyo haikosi msingi. Lakini jambo la kumlaumu mtu kwa maneno yake ni moja, na jambo la kumziba kinywa ni jingine. Mwenye maneno mabaya hujibiwa kwa maneno mazuri. Azibwaye kinywa hajajibiwa lolote.

Yaliyofuata ni kuzibwa kinywa. Mwezi Machi 1950 shirika la NBC lilitangaza kwamba Robeson angezungumza katika kipindi cha televisheni cha Bibi Eleanor Roosevelt, na mara likafuta mwaliko huo. Katika mwaka huo huo serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti yake, asiweze kwenda ng'ambo kuimba. Ndani ya nchi kumbi nyingi zilimfungia milango, na vituo vya redio vilivyokuwa vikishindana kumpata havikumtaka tena. Mapato yake yaliporomoka. Kesi ilipofika mahakamani, mawakili wa serikali walitaja miongoni mwa sababu zao kwamba kwa miaka mingi mtu huyu amejishughulisha sana na uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Basi na tukumbuke, sisi tulioupata uhuru huo, kwamba palikuwa na mtu nchi ya mbali aliyelipia sehemu ya gharama yake.

Yule mwenzake wa senema hali yake haikuwa bora. Kenyatta alikuwa amerudi Kenya mwaka 1946. Alikamatwa katika Oktoba 1952, akashtakiwa Kapenguria, akahukumiwa mwezi Aprili 1953 kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa nchi. Watu wawili waliowahi kuvalishwa mavazi ya machifu watiifu katika senema ya kikoloni, sasa walikuwa wote wawili wamenyamazishwa, mmoja kwa kukosa karatasi, mwingine kwa minyororo. Yawezekana hakuna jibu kubwa zaidi kwa picha ile ya 1935 kuliko hilo: wale waliopewa kuigiza utiifu ndio waliogeuka kuogopwa.

Lakini maji yakizibwa mbele hutafuta upenyo. Mwanzoni mwa mwaka 1952 Robeson alialikwa na chama cha wachimbaji wa madini kilichofanya mkutano Vancouver, nchini Canada. Askari wa mpakani walimzuia, ijapokuwa Mmarekani wa zama zile hakuhitaji pasipoti kuingia Canada. Alifanyaje? Aliwaimbia kwa simu. Mwezi Mei mwaka huo huo alipanda juu ya lori lililosimamishwa mpakani, akaimba upande wa Marekani, na maelfu ya watu wakamsikiliza upande wa Canada. Miguu yake haikuvuka mpaka. Sauti ilivuka bila ya kuonyesha hati yoyote.

Mwaka 1956 waya mpya wa simu ulikamilika kulazwa chini ya bahari ya Atlantiki, kutoka Scotland hadi Amerika ya Kaskazini. Kabla ya waya huo, mazungumzo ya simu kati ya mabara hayo mawili yalisafiri kwa mawimbi ya redio, yakaharibika kwa ngurumo na mivumo ya hewa. Waya ule ulikuwa na vikuza sauti vilivyofungwa ndani yake kila baada ya masafa fulani, ili sauti inayofifia iongezewe nguvu na kuendelea na safari chini ya bahari. Kazi yake ilikuwa kubeba habari za biashara na za serikali. Rafiki za Robeson waliona kwamba yaweza kubeba na wimbo.

Tarehe 26 Mei 1957 watu wapatao elfu moja walikusanyika katika ukumbi wa St Pancras, London. Jukwaani hapakuwa na mwimbaji. Palikuwa na picha yake, bendera ya nchi yake, na vipaza sauti. Robeson aliketi katika chumba cha kurekodi New York, akaimba ndani ya simu, na waliokuwa London wakamsikia kana kwamba amesimama mbele yao. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo jambo hilo lilirudiwa kwa ajili ya wachimbaji wa makaa wa Wales waliofanya tamasha lao katika Porthcawl. Hao ndio watu ambao miaka kumi na minane nyuma aliigiza maisha yao katika The Proud Valley. Kiongozi wao alimsalimu kwa simu, Robeson akawajibu na kuwaimbia, kisha maelfu ya watu waliokuwa ukumbini wakamwimbia yeye. Wimbo ulikwenda magharibi chini ya bahari, ukamfikia mtu aliyekatazwa kuondoka.

Mwezi Juni 1958 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyoletwa na watu wengine wenye shida kama yake, kwamba wizara haikuwa na mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya imani yake ya siasa. Robeson alirudishiwa yake baada ya miaka minane. Alisafiri, akaimba, na mwaka 1959 akacheza Othello mara ya mwisho katika Stratford. Lakini miaka ile ilikuwa imemla. Afya yake ilivunjika, akarudi kwao mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru chini ya uongozi wa yule aliyesimama naye mbele ya kamera. Alifariki tarehe 23 Januari 1976 katika mji wa Philadelphia. Kenyatta, aliyefunguliwa Agosti 1961, alifariki Agosti 1978.

Kijana wa leo, awe Oltepesi au Mombasa, Kisumu au Tanga, anazo njia za kupeleka sauti yake ambazo Robeson hakuziota. Simu ndogo ya mkononi hufanya kazi iliyohitaji waya wa maelfu ya maili chini ya bahari. Lakini yale maswali matatu hayajaondoka. Nani amekodi sauti hii ninayoisikia? Nani ameshika mkasi uliokata maneno haya? Na ni nani ambaye hasikiki, kwa kuwa mlango umefungwa? Anayesikiliza redio, au anayetazama picha, bila ya kujiuliza maswali hayo, hana tofauti na wale waliocheka Amos 'n' Andy wakidhani wamemsikia mtu mweusi.

Na mwenye sauti naye ana wajibu wake. Robeson alikodiwa mara moja, akajuta, akabadili maneno ya wimbo wake mashuhuri ili yafanane na moyo wake.  Redio ilipomfungia alitumia santuri. Alipozuiwa mpakani aliimba juu ya lori. Na bahari ilipokuwa kati yake na rafiki zake, aliimba ndani ya simu.

Karani yule wa ofisi ya mawakili alikataa kuandika maneno machache ya mtu mweusi mmoja. Maneno hayo hakuna ayajuaye leo, na jina la karani limesahauliwa. Nyimbo za Paul Robeson zingali zikipigwa, na kila azisikiaye huweza kupima mwenyewe kama ni za mtu mtiifu au za mtu huru.